Kiti cha Mashimo Manne

Mtoto wetu alizaliwa na midomo ya buluu. Mimi ni seremala, naishi Kianda huku Kibera na kibanda changu cha kazi kiko Kabiro, Kawangware. Mambo ya moyo siyajui. Daktari alinichorea kwenye karatasi: mishipa miwili mikubwa ilitokea mahali pasipo pake, itakatwa na kubadilishwa. Hilo nililielewa. Mimi mwenyewe nimewahi kufunga bawaba upande usiofaa.

Kisha akasema, "Baba, kuna jambo la pili. Tukiwa kazini, mashine ndiyo itamsukumia damu. Ubongo wa mtoto hauvumilii kukosa hewa, na wake umekuwa ukipata kidogo. Tunaweza kutengeneza moyo, na ubongo ukaumia."

"Na tusipomfanyia?"

"Moyo hautamfikisha mbali."

Nikatia sahihi. Mke wangu alikuwa bado wodi ya kina mama, mshono haujapona. Aliponiuliza walichosema, nilimwambia watarekebisha moyo na tuombe. Daktari hakusema tuombe. Hilo nililiweka mimi mahali pa lile jambo la pili.

Moyo ulikubali. Midomo ikapata rangi ya kawaida. Watu wa kanisa walikuja wakaimba mpaka mwenye ploti tuliyopanga akaja kuuliza kuna nini, akaishia kuimba pia. Siku ya tatu baada ya upasuaji mtoto alipatwa na degedege, lakini ilitulizwa, kwa hiyo hatukuitaja kwenye ushuhuda.

Alifika miezi saba shingo haijakaza.

"Huyo ni mvivu tu kama babake," alisema mama wa mlango wa pili. "Hata wangu alichelewa. Sasa hivi anakimbia, ukimshika unamshika na nini?"

Kliniki ya mazoezi, dada aliyemkanda miguu aliuliza kama kabla ya upasuaji tulielezwa kwamba ubongo ungeweza kuumia. Mke wangu akasema hapana. Mimi nikasema ndiyo. Tulijibu kwa pamoja.

Tulirudi nyumbani. Mlangoni, mke wangu akitafuta ufunguo, akasema, "Ungeniambia, bado ningekubali. Lakini ningejua naombea nini."



Kliniki walitaka kiti cha kumshikilia kichwa. Nikakitengeneza. Sisi mafundi, kitu cha mtoto tunakiachia nafasi, maana baada ya miezi sita mteja hurudi akilalamika kimekuwa kidogo. Mbao za pembeni nilizitoboa mashimo manne manne, ili ubao wa miguu uwe unashushwa kadiri anavyokua.

"Fundi, hiyo ni kiti ama ngazi?" wenzangu walinicheka. "Huyu atakaa hapo mpaka aoe!"

Nikawaambia ndiyo mpango.

Mtoto alikaa, ubao ukiwa shimo la kwanza. Kichwa kiliegemea mito miwili, na mara mbili aligeuza macho mamake alipomwita. Mke wangu anasema ilikuwa mara nyingi. Sibishani naye.

Mwaka wake wa pili ulipoanza, ugonjwa wa kifua ukamchukua. Jeneza sikutengeneza mimi. Wenzangu walinificha msumeno.

Kiti kilibaki kando ya kitanda, tukianika taulo juu yake. Halafu kliniki wakatuletea mama mmoja wa Silanga, huku huku Kibera, aliyekuwa akitafuta kiti. Mtoto wake alikuwa na miaka mitatu, amefungwa mgongoni, kichwa kimelala begani. Naye alipasuliwa moyo akiwa mchanga.

Alikizunguka kiti, akakitikisa kama mtu anayejua kununua.

"Wenu alikaa hapa akapata nafuu?"

Mke wangu alikuwa akiondoa taulo. Aliacha, akaniangalia.

"Hapana," nikasema. "Kilimshika kichwa. Ni hivyo tu."

"Basi hicho kichwa ndicho kimenileta," akasema yule mama, akaanza kufungua leso aliyombebea mtoto.

Nikashusha ubao hadi shimo la tatu. Mke wangu alinishikia skrubu.