Siku Kumi na Mashine ya Pumzi

Mimi ni mtu wa kunyamaza, lakini hili acha niliandike. Natamani sana kurudi mtumbwini. Wenzangu wakipiga kasia na kuimba ziwani ng'ambo ya kijiji chetu cha Nyamyumba, nawasikiliza kutoka ufukoni na moyo unauma. Kapita, mkuu wetu, alinishusha kwa sababu nilisinzia nikiwa na kasia mkononi.

Hospitali waliona kwamba nikilala pumzi hukatika, na presha iko juu. Wakaniazima mashine yenye barakoa ya kupuliza hewa, nilale nayo siku kumi. Mara ya kwanza upepo ulinijaa puani nikadhani nazama ziwani. Moyo ukaenda mbio, nikaivua. Niliona haya kusema. Basi kila usiku niliuvalisha mto barakoa, mashine ikanguruma, nami nikakoroma pembeni. Siku ya kuirudisha hospitali nilioga kwanza maji ya moto ya chemchemi, ili presha ishuke.

Muuguzi aliponipima, ilikuwa imeshuka kweli. Kapita, aliyenisindikiza, akafurahi.

"Bon! Kesho unarudi kwa mutumbwi, kijana."

Muuguzi akasoma kioo cha mashine, akanitazama, akasoma tena.

"Ulilala nayo kila siku?"

"Ndiyo, dada. Mpaka asubuhi."

"Masaa iko yote. Lakini pumzi, hata moja haiko." Akamgeukia kapita. "Papa, mashine inasema huyu mutu yako alikufa, leo siku ya kumi."

Kapita akavua kofia taratibu, kama mtu aliyefika msibani.