Kanda ya Kamu na Maziko ya Koku

Niliondoka Mwanza kwa sababu ya swali la mtoto. Asimwe, binti wa kaka yangu, aliniuliza: "Shangazi, baba alikuwa anatembeaje?" Nikamwonyesha picha ya ukutani. Akanitazama kama mtu aliyedanganywa.

Kaka yangu Kamu alikuwa mwimbaji wa roki. Baada ya vita vya Amin alizunguka mji hadi mji na gitaa lake la umeme, akiruka jukwaani hadi mbao zinalia. Alikufa wakati Asimwe akiwa bado tumboni, kwa ugonjwa ambao kwetu Kagera tuliuita Juliana, jina la mashati ya magendo, kabla hatujazoea kusema UKIMWI. Nikaanza kusaka kanda za video za maonyesho yake. Nilizopata zilikuwa hasara tupu: moja imeota ukungu, nyingine inaonyesha visogo vya watazamaji. Ndipo mpiga ngoma wake wa zamani akaniambia kwamba huko Bukoba, Kamu alipigwa video na Mhindi mmoja mwenye duka. Nikapanda meli.

Bukoba, asubuhi, mvua. Mzee Jayanti, mmoja wa Wahindi wachache waliobaki mjini, alinikaribisha kwa chai ya tangawizi.

"Kamu? Nilimpiga video onyesho zima," alisema. "Lakini usifurahi, dada. Harusi zilipungua, misiba ikajaa. Leo Buhembe, kesho Nshambya, keshokutwa Muleba. Kanda mpya hakuna. Nikachukua za zamani, nikarekodi juu yake."

"Ukamfuta kaka yangu?"

"Ningefanyaje? Watu walitaka kubaki na sura ya mtoto wao."

Nilimchukia, nasema kweli, na chai yake sikuimaliza. Lakini alikumbuka kanda ya Kamu ilikwenda na msiba gani: wa Koku, binti wa Ma Paskazia wa Muleba. Mvua kubwa iliyakatiza maziko, kwa hiyo huenda mwisho wa kanda haukuguswa.

Muleba, siku iliyofuata. Njia nzima nilijizuia kutazama pembeni, nikashindwa. Vibanja, mashamba ya nyumbani, vilikuwa vimemezwa na magugu, udongo mwekundu wa makaburi ukionekana katikati ya migomba. Nyumba nyingine zilipigiliwa misumari milangoni, hakuna hata wa kufagia ua.

Ma Paskazia alikuwa peke yake. Mumewe alikwenda vitani hakurudi. Watoto wote wamezikwa nyuma ya nyumba, Koku wa mwisho. Alinikalisha kwenye nyasi safi alizotandika sebuleni, akanipa kahawa ya kutafuna. "Karibu waitu, mwanangu," alisema, kama kwa mtu wa kwao. Nilipotaja kanda aliileta, imefungwa kwenye kanga.

Umeme hakuwa nao. Tulikwenda nyumbani kwa mchungaji wa Kilutheri, mwenye jenereta, ambako huitazama kila Jumapili baada ya ibada. Mchungaji akawasha, akatuacha. Tulimwona Koku akiteremshwa. Tuliona migomba, miavuli, wanawake wakilia. Mvua ikapiga lenzi, picha ikacheza, na ghafla Kamu akatokea, jasho limemlowanisha, mguu wa kushoto mbele. Nililia kwa sauti.

Ma Paskazia alikuwa anatabasamu.

"Huyu kijana huja kila tukishamzika Koku," alisema. "Mhindi ana utu. Alimweka ili tusiondoke na kilio tu. Namwombea. Nasema, wangu wameisha, basi Mungu amtunze huyu aendelee kuruka."

Ningeweza kunyamaza. Lakini nilihitaji kanda, na kwa kuitaka ilibidi niseme mimi ni nani. "Mama, huyo ni kaka yangu. Alishakufa. Kwa ugonjwa huuhuu."

Tabasamu lilimtoka. "Mawe, mama wee! Na huyu?" Akajifunika uso kwa kanga, akamlilia Kamu kama tunavyoliliana sisi Wahaya, kwa kumwita na kumuuliza anatuachia nani.

Kanda alikataa kuiachia, kwani vya kuazima vingi havirudi. Akapanda gari nami hadi Bukoba, kanda mapajani, ili Mzee Jayanti ainakili. Sharti lake lilikuwa moja: "Usimkate mwanangu. Anayemtaka wako amzike kwanza wangu."

Mwanza, jioni. Tuliazima mashine kwa jirani. Asimwe alitazama maziko yote bila kutikisika. Baba yake alipotokea, alisimama, akapeleka mguu wa kushoto mbele, akajaribu. Alicheka. Nilifurahi mno.

Ila furaha hiyo siioni tamu hadi leo. Duniani alikuwepo mtu mmoja ambaye kwake Kamu alikuwa bado mzima, na mimi, dada yake, ndiye niliyesafiri kwenda kumpa habari za kifo.