Ndala ya Kushoto Ndani ya Pipa

Iko asubuhi moja, mwanangu, ambayo kichwa changu kinakataa kuitupa, ingawa kimetupa mambo mengi yenye faida zaidi. Nilikuwa msichana wa mtaa wa Panda. Baba alikuwa ameachishwa kazi kiwandani, na mama alikuwa ananitazama kila jioni kama mtu anayetazama chungu kilichochelewa kuchemka. Ndipo nikasikia kwamba Mama Kabwe, mfanyabiashara wa samaki, anatafuta msichana wa kumsaidia.

Mama Kabwe huyo alikuwa na nyavu zake mwenyewe kule kwenye ziwa la barrage, yaani bwawa, mtoni Lufira. Aliwakodishia wavuvi, na wao walimlipa kwa samaki. Magoti yalikuwa yameanza kumkataza kupanda mtumbwi, kwa hiyo alitaka mtu wa kukaa humo badala yake wakati nyavu zinapandishwa, kuona kinachotoka majini kabla wengine hawajakiona. Unaelewa sababu. Samaki wakishafika nchi kavu huwa wamepungua.

Tulikuwa wasichana wawili tunaotaka nafasi hiyo. Alisema atatujaribu mmoja mmoja, na wa kwanza nilikuwa mimi.

Chini ya ziwa lile kuna miti. Ilikuwa msitu kabla ya maji kufungwa, na hakuna aliyejisumbua kuikata. Imesimama huko gizani mpaka leo, na nyavu zinaijua vizuri kuliko sisi. Mwenye mtumbwi, Papa Mwape, alianza kupandisha wavu, mimi nikashika upande wangu. Ulikuja vizuri, vizuri, halafu ukagoma.

"Acha kwanza," Papa Mwape alisema. "Iko muti pale chini."

Nilimsikia. Lakini ukingoni Mama Kabwe alikuwa amesimama, mikono kiunoni, ananitazama. Nikawaza: sasa ndipo anaponipima. Nikakanyaga ubavu wa mtumbwi, nikavuta kwa nguvu zote nilizopewa na ugali wa Panda. Wavu ulikuja, ndiyo. Ulikuja nusu. Nusu nyingine ilibaki kwa miti, pamoja na samaki waliokuwemo.

Tulipofika ukingoni, Mama Kabwe hakupiga kelele. Aliutandaza wavu kwenye nyasi, akahesabu matundu, halafu akayahesabu tena, na hapo ndipo nilipojifunza kuhesabu mara mbili: hesabu ya kwanza ilikuwa ya hasira, ya pili ilikuwa ya kazi. Kisha akaniuliza, polepole kabisa:

"Weye mutoto, ulikuwa unavuta juu ya samaki, ao juu ya macho yangu?"

Yaani, nilivuta kwa ajili ya samaki, au kwa sababu yeye ananitazama. Papa Mwape alianza kuchota maji yaliyoingia mtumbwini, kana kwamba yana haraka.

"Kamba ikikamatwa, unailegeza," akasema Mama Kabwe. "Unarudi njia ile ulipitia kuingia. Wavu haukamatwe na muti. Unakamatwa na mwenye kuvuta."

Akanikalisha nishone matundu mpaka jua likazama, na kesho yake nafasi akampa yule msichana mwingine. Mimi niliipata baadaye, alipoolewa. Sikukimbilia kumpongeza bwana harusi, lakini nilimwombea heri.

Nakueleza haya, mwanangu, kwa sababu najua shati lako liko kwenye kamba ya nguo linakauka, na umeitwa kwa mahojiano. Labda kazi yako ni nyingine kabisa. Sikiliza tu ya mjukuu wangu Ngoie, halafu utapima mwenyewe.

Ngoie alisoma umeme katika shule ya ufundi hapa Likasi. Mwaka huu kampuni moja ilitangaza kwamba inatafuta stagiaire mmoja, mtu wa kufundishwa kazi kuanzia mwanzo. Kazi yenyewe ni ya roboti inayoingia majini. Wanaishusha kwenye mashimo ya zamani ya migodi yaliyojaa maji, na kwenye milango ya barrage, mahali ambapo huwezi kumtuma mtoto wa mtu. Ina taa na kamera mbele, na nyuma ina waya mrefu unaofika mpaka ukingoni. Mmoja anaiendesha akitazama kioo cha picha, mwingine anashika ule waya, anaulisha na kuurudisha. Mimi niliposikia hivyo nikasema moyoni, wameufanya mtumbwi wa Papa Mwape uwe wa bei ghali.

Alikuja kwangu siku chache kabla ya mahojiano, pamoja na yaya wake, yaani kaka yake mkubwa, Trésor, ambaye ana shauri kwa kila mtu isipokuwa yeye mwenyewe.

"Ngoie, sema tu uko na expérience," Trésor alikuwa anamwambia. "Sema uliendesha moja kule Kolwezi. Nani atashuka mu maji kuuliza samaki?"

"Na kama bananipa manette ya kuendesha mu mikono, yaya? Bananiambia, haya, endesha?"

"Unaendesha! Si ni kama jeu, michezo ya mu télé?"

Trésor akanigeukia mimi, bibi yake. "Kambo, weye unasema nini? Weye unajua kuuza."

Ni kweli, najua. Maisha yangu yote nimeweka samaki upande mzuri ukiwa juu, na aliyekubali kununua bila kumgeuza tulipatana kwa amani. Lakini samaki wangu mteja anakwenda naye nyumbani, na tukionana tena ni wiki ijayo. Mtu unayejiuza mwenyewe anakugeuza papo hapo mezani. Na akikununua, unakaa nyumbani kwake kila siku. Nilimwambia Trésor aende akatafute matofali yaliyovunjika.

"Ya nini?"

"Ya kukunyamazisha."

Nyuma ya nyumba nina pipa la kuvunia maji ya mvua. Tulitumbukiza matofali, ukingo wa gurudumu la baiskeli, na koleo zima la udongo mpaka maji yakawa kama chai ya maziwa. Nikavua ndala yangu ya kushoto, nikaifunga kwenye ncha ya fimbo ndefu, na kisigino chake nikakifunga kamba. Ngoie alipaswa kuipitisha ndala kati ya matofali mpaka chini, kisha kuirudisha juu pamoja na kamba yake. Trésor alicheka mpaka akaketi.

Kushusha ilikuwa rahisi. Kupanda, Ngoie akaiinua moja kwa moja, na kamba ikakamatwa na baiskeli. Nilimwona anatupa jicho kwangu. Nilimwona anakaza mabega.

"Unavuta juu ya ndala, ao juu ya macho yangu?" nikamuuliza.

Akasimama. Mikono ikashuka. Akalegeza kamba, akasubiri udongo utue, halafu akaanza kurudi polepole, akiifuata kamba kwenye njia ile ile aliyoingilia. Alirudia mpaka majirani wakaacha kuuliza kuna nini. Usiku ule sikuwa na ndala ya kuvaa, lakini sikusema.

Siku ya mahojiano, alinieleza baadaye, walikuwa watatu nje ya mlango. Ndani walikuwa Madame mmoja mhandisi na bwana mmoja asiyesema. Madame aliuliza swali lile lile ambalo Trésor alikuwa amelitafutia jibu.

"Umewahi kuendesha roboti ya majini?"

"Hapana, Madame. Nimewahi kuendesha ndala ndani ya pipa."

"Ndala gani?"

"Ya kushoto, Madame."

Bwana asiyesema akainua kichwa. Ngoie ikambidi aeleze yote: fimbo, matofali, baiskeli. Anasema aliona kazi inaondoka kama basi. Madame hakucheka. Alimpeleka uani, kwenye birika kubwa la maji lenye roboti yenyewe, akampa manette. Wakamwonyesha vitufe, wakamwambia aizungushe nguzo na arudi.

Alipofika karibu na nguzo, feni za roboti zikatimua matope ya chini. Kioo kikawa kahawia. Halafu roboti ikagoma: waya ulikuwa umezunguka kitu. Nyuma yake walikuwa wamesimama watu wawili, wanamtazama. Hapo, mwanangu, ndipo mimi nilipoupoteza wavu.

Ngoie akatoa vidole kwenye vitufe.

"Sioni, Madame. Nasimama."

"Mpaka lini?"

"Mpaka matope yatulie. Halafu naomba mwenye kushika waya alegeze kidogo, nirudi nilikopitia."

Ilikawia. Anasema ilikawia mpaka akasikia saa ya mkononi ya yule bwana. Kisha kioo kikafunguka kidogo, akauona waya, akaufuata mpaka nyumbani.

Walimchukua. Lakini si wa kuendesha, hapana: wa kushika waya ukingoni, mpaka watakapoona amejua uzito wake. Trésor aliposikia akapiga kofi paja lake.

"Masomo yote ile, juu ya kushika kamba!"

"Na weye, yaya," Ngoie akamjibu, "nani alikupatia hata kamba?"

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii, na sitakupunguzia kitu. Usiwaambie umefanya usichofanya. Sema ulichofanya, hata kiwe kidogo cha kuchekesha, na ukieleze vizuri. Fanya mazoezi na vitu vya nyumbani kwako kabla hujagusa vya kwao. Ukifika mahali usipoona, sema huoni, na mikono yako iseme hivyo hivyo. Wanaokutazama waache watazame. Ndiyo kazi yao, yako iko chini ya maji. Wakikupa nafasi ndogo kuliko ile uliyoitamani, ihesabu mara mbili kabla ya kuikataa. Na shati ulianue mapema, si alfajiri ile.

Pipa bado liko nyuma ya nyumba, na ndala niliirudisha humo humo kwa sababu watoto wa mtaa wanakuja kujaribu. Njoo na wewe. Samaki ukitaka, bei ni ile ile.

Mungu akupe mikono inayojua kulegeza, na mtu mwaminifu wa kushika upande wako wa kamba. Kila utakachokishusha gizani kikurudie kizima. Nenda salama, urudi njia ile uliyopitia, tutakusikia mlangoni.