Mbao za Mpini

Majuzi mjini Bungoma, mkusanyaji wa bastola kuukuu alinionyesha ile anayoipenda kuliko zote. "Kila kitu hapa ni cha asili," akasema, "isipokuwa hizi mbao za mpini. Kuna mtu alizibadilisha." Nilizitambua kabla sijazigusa. Zilikuwa kazi ya baba.

Alasiri moja ya utotoni mwangu karakana yetu ya Endebess ilinukia maranda ya mzeituni wa mlimani. Mgeni alisimama mlangoni, akakataa kiti. Baba alifungua skrubu za bastola ya mgeni huyo, akatoa mbao za zamani, akaziweka motoni chini ya sufuria ya chai. Nilishangaa. Baba hakuwahi kuchoma kipande chochote cha mbao. Vyote aliweka, ati vitafaa siku moja. Nikadhani anataka chai ya mgeni ichemke upesi.

Niliinama. Ubao mmoja ulikuwa umechongwa jina la baba yake Nekesa, rafiki yangu. Kijiji kizima kilikuwa kikimtafuta mzee huyo tangu Jumapili. Nikafikiri, kumbe aliuza bastola yake akasafiri!

Midomo yangu ilikuwa bado inafuata herufi mgeni aliponitazama.

"Huyu anajua kusoma?"

"Huyu? Bado kabisa," baba akajibu, akinishika shingo kwa mkono uliokuwa wa baridi.

Nilinuna hadi jioni. Darasani hakukuwa na aliyenishinda kusoma, na baba alijua.