Mto Katika Kofia za Capitoline

Capitoline wa mtaa wa Kasenga alisuka kofia za ukindu tangu usichana wake, na mumewe Mathieu alifundisha jiografia. Waasi walipoutwaa mji wa Uvira mwaka 1964, kofia hazikubadilika. Jiografia ndiyo iliyobadilika.

Komisa mpya wa waasi alitangaza kwamba mto Ruzizi hautoki Bukavu. Bukavu ilikuwa bado mikononi mwa serikali, na kwake haikuwezekana adui awanyweshe wanamapinduzi maji. Tangu siku hiyo mto ulitoka ziwani kwetu ukapanda kwenda kwao, na walimu wote waliamriwa wafundishe hivyo. Mathieu alijibu kwa adabu kwamba atafundisha vile mto unavyokwenda. Wakamfungia katika depo ya unga nyuma ya ofisi ya komisa, mpaka akili yake igeuke pamoja na mto.

Capitoline alimpelekea ugali na samaki wadogo wa ndagala kila mchana. Hakujua kuhutubia, na waliohutubia wakati ule hawakurudi nyumbani. Akachovya ukindu katika buluu ya kufulia, akasuka kofia yenye mto unaoanzia utosini na kushuka, mpaka ukamwagika kwenye ukingo mpana. Akaivaa kwenda ofisini. Jirani yake Generose akataka yake. Kisha walimu, kisha mama wauza samaki. Punde Kasenga nzima ilitembea na Ruzizi kichwani.

Komisa hakuweza kusema zivuliwe. Enzi za Wabelgiji, mtu aliyekutana na mkubwa alivua kofia, la sivyo alichapwa. Siku za uhuru, komisa huyu mwenyewe alipanda juu ya pipa pale mtaa wa Rugenge akaapa kwamba hakuna Mkongomani atakayesimama tena kichwa wazi mbele ya mkubwa. Watu walilia kwa furaha. Wote walikumbuka.

Akawaza, akapata njia. Aliamuru kofia zivaliwe zimepinduliwa, ukingo juu, ili mto upande.

Watu walitii. Wakasimama mbele ya ofisi wamejitwika kofia kama mabakuli, shingo zimekakamaa. Upepo wa ziwani ukaja, ukazipeperusha zote hadi barabarani. Hakuna aliyeinama kuokota. Wakabaki vichwa wazi, wazee wameteremsha mikono ubavuni kama zamani, na wapiganaji wa komisa wakaanza kutazamana.

"Muokote," komisa alisema kwa sauti ndogo. "Muvae."

"Tuvae namna gani, chef?" Capitoline akauliza. "Ukisema tupindue, zitaanguka tena. Ukisema tuvae sawa, mto itashuka, na bwana yangu iko mu depo kwa sababu hiyo hiyo."

Generose akamwambia asihangaike, jua si kali. Wangekaa hivyo mpaka jioni, na watu wa Rugenge wangekuja kuwaona.

Komisa akafuta jasho. "Mufungue ule mwalimu. Afundishe mto vile iko."

Mathieu akatoka, macho yakipepesa kwa mwanga. Capitoline hakumkumbatia mbele za watu, ila alimpangusa unga wa mihogo begani, taratibu, hata pale pasipokuwa na unga.

Jumatatu alirudi darasani. Komisa alimtuma mpiganaji mmoja akae nyuma asikilize. Mathieu akachora Ruzizi ubaoni, kutoka Bukavu ukiteremka hadi ziwani. Mpiganaji akanyoosha mkono, akauliza kama mto unapita Luvungi. Mama yake alibaki huko. Mathieu akamwonyesha mahali penyewe, na darasa zima likangoja mpaka alipomaliza kutazama.