Mji Ambao Mtangazaji Hakuutaja

Juni iliyopita nilikuwa nimeegesha gari nje ya duka la vyakula huko Richmond Hill, nikimsubiri binti yangu, mara kioo cha redio kikabadilika chenyewe. Jina la kituo cha hapa likafutika, zikaja herufi nisizozijua, na sauti ya mwanamume akitangaza mnada wa matrekta. Muda si mrefu kila kitu kikarudi kama kilivyokuwa. Binti yangu alipofungua mlango aliniuliza, kwa Kiingereza kama kawaida yake, kwa nini nimeganda na mkono hewani. Nikamjibu kwamba naogopa kugusa kitu.

Wewe uliyewahi kusikiliza redio ya mbali hutanicheka. Zamani, nyumbani kwetu Parkdale, kugusa kitu wakati kama huo lilikuwa kosa kubwa kuliko kuunguza maharage.

Tuliishi ghorofa ya juu, na antena yetu baba aliifunga kwenye chuma cha baraza, katikati ya kamba za nguo. Baba alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, akivuka mpaka kushuka Marekani na kurudi. Redio yenyewe ilitoka kwa mjomba, kaka yake mama, aliyekuwa akiishi Queensland, Australia. Umeme wa kule si kama wa huku, kwa hiyo redio ilikaa juu ya transfoma iliyonguruma kama nyuki kwenye chupa. Kioo chake kilionyesha jina la kituo na msimbo wake, alama nne za herufi na tarakimu ambazo kituo hurusha pamoja na sauti.

Mjomba ndiye aliyenifundisha. Alieleza kwamba wakati wa kiangazi, sehemu fulani ya anga la juu hugeuka kama ukuta, na mawimbi ya FM, ambayo kwa kawaida hayafiki mbali, hudunda pale na kuangukia nchi nyingine. Dakika chache, pengine saa, kisha basi. Kwake kiangazi kilikuwa Desemba, kwetu Juni, hivyo alisema familia yetu haifungi duka mwaka mzima. Na alikuwa na sheria moja: kituo kisipojitaja, hujakipata.

Alasiri moja, nikiwa na miaka kumi na minne, nilikuwa nakunja nguo huku mama akikaanga vitunguu. Asubuhi yake baba alikuwa amepiga simu kutoka kituo cha mafuta huko Kansas. Alitutajia mji wa huko huko atakamopakia mzigo jioni, akasema simu yake ya mkononi haishiki huko. Mimi nilikuwa nimeiacha redio kwenye nafasi tupu isiyo na kituo, ikichakarisha tu. Ghafla mchakarisho ukakatika.

Mwanamume alikuwa akisema polepole, kama anayesoma gizani. Kimbunga kimegusa ardhi upande wa magharibi. Watu washuke chini ya nyumba. Wenye malori waiache barabara kuu. Akataja mtaa, akataja shule, akataja daraja. Mji hakuutaja. Alikuwa akizungumza na watu wa pale, na mtu wa pale haambiwi yuko wapi.

Mama alizima jiko. "Ni wapi huko?"

"Bado sijui."

"Si kuna ile namba? Isome."

Kwenye kioo msimbo ulikuwa umekwisha kutokea, ukianza na nne. Mama akampigia mjomba Queensland, ambako kulikuwa kunapambazuka, akaweka simu kwenye spika.

"Dada, mnaniamsha kabla ya kuku?"

"Kuna kimbunga kwenye redio, na shemeji yako yuko njiani Kansas. Msikilize mtoto."

Nikamsomea msimbo. "Haya, mjomba," alisema. Ndivyo alivyoniita, kama wajomba wa kwetu wanavyowaita watoto wa dada zao. "Mwezi uliopita ulipata kimoja kinachoanza na nne. Kilikuwa cha wapi?"

"Texas."

"Basi na hiki ni cha Texas. Tarakimu ya mbele ndiyo jimbo. Huku kwetu nne ni Queensland, haijawahi kunidanganya. Dada, bwana wako yuko Kansas. Kaanga vitunguu vyako."

Mama akashusha pumzi. Mkono wake ulikuwa tayari kwenye swichi ya jiko.

"Lakini hakijajitaja," nikasema.

Mjomba akajibu, bila mzaha: "Ni kweli. Saa kamili inakaribia?"

Vituo vya Marekani hujitaja kila saa kamili, herufi zao kwanza, halafu mji. Tukasubiri. Sauti ilizama, ikaibuka, ikazama tena. Nguo zilipepea barazani na mama akatoka kuzishika kwa mikono miwili ili zisiiguse antena. Mjomba alikuwa akipumua kwenye spika. Vitunguu vilipoa vikiwa vimeiva nusu, na hakuna aliyejali.

Saa ilipogonga yule mwanamume akakatisha maelezo yake, akataja herufi za kituo, akataja mji. Ulikuwa ule mji aliotutajia baba.

Mama alimkatia kaka yake simu bila kuaga, akapiga ofisi ya malori. Alisema kwa Kiingereza chake cha taratibu, bila kupaza sauti: dereva wenu asiingie mji ule, mtumieni ujumbe sasa, nitangoja hapa hapa. Ndani ya lori kulikuwa na chombo cha kupokelea maandishi. Nyuma yangu redio ilirudi kuchakarisha. Mama alikaa na simu sikioni mpaka jibu la baba likasomwa: nimesimama.

Baadaye mjomba alinipigia kueleza alipokosea. Australia msimbo hufuata jimbo, lakini Marekani hukokotolewa kutoka herufi za kituo, na haujui kituo kiko wapi. Baba aliporudi nilimuuliza kama alisimama kwa sababu ya ujumbe au ya wingu. Alisema vilifika pamoja. Mama akamwongezea maharage.

Wote watatu wameshatangulia. Jengo la Parkdale limepakwa rangi upya, na chuma cha baraza kimebadilishwa. Kile kituo cha Kansas bado kipo, nimekitafuta kwenye mtandao. Herufi ni zile zile, ila vipindi hutoka kwenye kompyuta katika mji mwingine. Kila saa kamili kinajitaja bila kukosea, na ndani hakuna mtu anayejua kama nje mvua inanyesha.