Jina Chini ya Kiti cha Kadilaki

Arzella Tidmore hakuwahi kumiliki Kadilaki kwa jina lake, lakini hapa Detroit watu waliokalia kazi ya mikono yake hawana hesabu. Aliingia kiwanda cha kushona viti mwaka 1961, ana miaka kumi na tisa. Shule aliiacha Alabama, darasa la tano, kwa sababu pamba haikumngoja mtu amalize kusoma. Mashine ya kushona haikumwomba cheti. Ilimwomba vidole, na vidole alikuwa navyo.

Wanaume wa mji huu husimulia historia ya Kadilaki DeVille kwa bati tu. Jina lilianza 1949, watakwambia. Mwaka 1959 mapezi ya nyuma yakachomoza juu kama ya papa. Mwaka 1977 ikakondeshwa, 1985 ikafupishwa tena mpaka wazee wakasusa. Arzella aliijua historia hiyohiyo kwa upande wa makalio. Alijua mwaka wa vitambaa vyenye uzi wa kung'aa, mwaka wa ngozi nyeupe iliyochafuka ukiitazama tu, na ile miaka ya mahameli nyekundu, fundi bomba akikaa anajiona askofu.

Kiwandani mshonaji hakuwa na jina. Alikuwa na namba iliyopigwa kwenye kipande cha kitambaa na kushonewa chini ya kiti, ili kiti kikirudi na kasoro ijulikane nani wa kukaripiwa. Arzella alikuwa 418. Miaka ishirini na sita alikuwa 418, na hakukaripiwa hata mara tatu.

Mumewe, Lonzo, alikuwa idara ya rangi, jengo jingine. Mwaka 1969 alinunua DeVille ya mwaka 1967, kijani ya chupa, kutoka kwa mzee mmoja wa kuzika maiti. Krismasi hiyohiyo akasinzia ndani yake na sigara kubwa mdomoni. Kiti cha mbele kikaungua.

"Arzella, mpenzi," alisema asubuhi, mpole kuliko kondoo, "hivi nyie kule kwenu mnatupa vipande?"

Arzella akaenda kumlilia msimamizi wake, akapewa mabaki ya kitambaa kilekile na karatasi ya ruhusa ya kutokea nayo getini. Wiki mbili meza ya jikoni haikuliwa chakula. Alishona kiti kizima upya, mshono kwa mshono kama wa kiwandani. Lonzo wakati huo alikuwa kwa kaka yake akicheza karata, akisubiri jikoni pawe na nafasi. Alipofika kwenye kitambaa cha chini, mahali pa namba, Arzella alisita. Hapa si kiwandani, akajiambia. Akachukua uzi mwekundu akashona herufi kubwa: ARZELLA TIDMORE, 1970. Akakifunga kiti, hakumwambia mtu.

Miaka ishirini na moja baadaye Lonzo alihamia kwa mwanamke wa kwaya, mwenye sauti nyembamba na nia nene. Mahakamani wakili aliuliza mke amechangia nini kwenye lile gari. Lonzo akasimama na suti aliyopigiwa pasi na Arzella mwenyewe wiki moja kabla hajahama.

"Huyu? Hajawahi hata kushika spana. Hajaweka kitu mle."

Lonzo akapewa gari, Arzella nyumba na paa lake linalovuja. Paa alilizoea. Kilichomkaa kooni ni yale maneno mawili, hajaweka kitu. Alitaka siku moja tu ayasikie yakirudishwa mdomoni yalikotoka, mbele za watu.

Agosti 1994 yakawa maonyesho ya magari ya zamani, kwenye bustani ya kando ya mto. Arzella alikwenda na kina mama wa kanisa kuuza pai za viazi vitamu. Saa nne asubuhi akaiona DeVille ya kijani, imeng'arishwa mpaka mawingu yanajitazama. Mbele yake kadi: "Hakuna mkono ulioigusa tangu itoke kiwandani."

Akaiacha meza ya pai.

"Habari ya mkono, Lonzo?"

Lonzo aliruka. "Arzella! Usinianze leo. Hili ni kundi la magari halisi, yasiyobadilishwa kitu, na waamuzi wanapita sasa hivi."

"Sijaanza. Naangalia tu kiti. Kizuri, eh?"

"Cha kiwandani."

"Hapo umesema."

Mwamuzi akafika, Bwana Krasicki, Mpolandi wa mji jirani wa Hamtramck mwenye miwani mbili, moja machoni, moja kichwani. Alikuwa mkaguzi wa viti kiwandani kabla hajastaafu. Alikipapasa kiti kama daktari.

"Kizuri mno," akasema. "Miaka ishirini na saba, na kinadunda? Hiki kimeshonwa upya, Bwana Tidmore."

"Haki ya Mungu!" Lonzo akapandisha sauti, maana watu walishajikusanya. "Kinyanyue mwenyewe! Angalia chini, utakuta namba ya mshonaji!"

Mtu wa idara ya rangi. Alisikia habari za namba, hakuwahi kugeuza kiti hata kimoja maishani. Arzella alikunja mikono, akasogea karibu aone vizuri.

Krasicki alifungua bolti nne, akakipindua kiti, akashusha miwani ya kichwani.

"Namba sioni," akasema. "Naona Arzella Tidmore, 1970. Ni nani huyu?"

Lonzo alitazama viatu vyake, kisha mto.

"Mwambie baba wa watu," Arzella akasema. "Anauliza."

"Mke wangu."

"Wa zamani. Na kilichotokea Krismasi?"

"Nilikiunguza," Lonzo akasema, sauti imeshuka. "Akakishona yeye. Chote."

"Sijasikia, dada zangu wako mbali pale kwenye pai."

"AKAKISHONA YEYE!"

Kina mama wa kanisa wakapiga vigelegele, na mmoja akauliza kama sasa wauze pai kwa furaha au kwa bei ileile.

Krasicki akalitoa gari kwenye kundi la magari halisi. "Lakini kuna kundi la yaliyotengenezwa kwa mkono," akasema. "Huko kadi lazima iandikwe jina la fundi. Ukikataa, uondoke nalo."

Lonzo alitoa kalamu. Arzella akamnyang'anya. Aliandika jina lake kwa herufi za darasa la tano, kubwa, zimejaza kadi, hata jina la mwenye gari likapata nafasi kwenye kona tu.

"Nikupeleke nyumbani basi, jioni?" Lonzo akauliza. "Mvua inakuja."

"Paa langu linanijua. Nenda kawapeleke kwaya." Akakata kipande cha pai, akampa Krasicki, kikubwa. Kisha akafungua mlango wa DeVille, akakaa kwenye kiti cha mbele, juu ya jina lake. Alikaa hapo mpaka kina mama wakaja kumwita, pai zimekwisha.